Mazishi ya Konsuli

Konsuli hakuwa mtu. Alikuwa bata bukini mweupe, mnene, mwenye shingo ndefu na hasira za karibu. Ngazi za jengo moja la ghorofa katika mtaa wa Subura, mjini Roma, zilikuwa zake. Wapangaji walipanda na kushuka kwa hisani yake tu.

Kila asubuhi Petilia, binti wa dobi, alishuka mbio akiwa na kibao chake cha nta cha kuandikia kwapani na kipande cha mkate mkononi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna siku aliyowahi kuamka mapema. Alipofika chini alimkuta Konsuli amesimama katikati ya njia, kifua mbele.

"Nipishe, Mheshimiwa, nimechelewa shule."

Konsuli alinyoosha shingo na kufoka.

"Haya, haya, usinile. Chukua." Petilia alimega mkate akamrushia. Hapo ndipo njia ilipofunguka.

Watu wazima nao walitoa ushuru huohuo: ganda la jibini, jani la kabichi, chochote. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyemleta bata yule mtaani. Lakini jina lake lilimfaa, kwa sababu hata konsuli wa kweli, mkuu wa serikali ya Roma, anapopita na walinzi wake, watu wote hukaa kando.

Mtu mmoja tu hakukubali kumpigia magoti. Huyo alikuwa Mzee Trebio, mwuza chakula wa chini ya jengo. Kaunta yake ya mawe ilitazama barabara, na vyungu vikubwa vilikuwa vimejengewa humo humo: kimoja cha dengu, kimoja cha supu ya kabichi, kimoja cha divai ya moto. Konsuli alikipenda chungu cha dengu. Trebio akigeuza mgongo tu, shingo ndefu nyeupe ilikuwa imekwisha kuzama ndani.

"Mwizi mkubwa wewe!" Trebio alipiga kelele, mwiko juu. "Siku moja nitakutia kwenye chungu na vitunguu, ndipo utajua mimi nani!"

"Mzee Trebio, umtishie kiongozi wa serikali?" wateja walimtania.

"Basi atakuwa kiongozi mtamu!"

Na mtaa mzima ulicheka. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, na hakuna aliyechoka.

Sasa, Petilia alikuwa na jambo moja alilolipenda kuliko hata mkate wa asali, nalo ni hotuba. Yote yalianza wakati wa sikukuu, watu wa mtaa walipokwenda kutazama tamthilia ya huzuni. Ilikuwa habari ya mfalme aliyeuawa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jeneza lake lilipowekwa jukwaani, watu wawili walisimama kumhutubia. Wa kwanza, ndugu yake, alizungumza vizuri, kwa utaratibu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Wa pili alikuwa mtumishi wa mfalme. Huyo alinyanyua viatu vya marehemu juu, akanyamaza. Alinyamaza mpaka watu wakaanza kujipangusa macho. Alipomaliza kusema, umati wa pale jukwaani ulikuwa ukitafuta mienge ya kuchoma nyumba, na Petilia alikuwa akilia kwa kwikwi, akiing'ang'ania nguo ya mama yake hadi mama akamfinya.

Mwalimu wao, Mzee Zosimo, alifundishia barazani kando ya barabara, akiwa ametenganishwa na wapita njia kwa pazia moja lililochanika. Naye alikuwa ameitazama tamthilia ileile. Kwa hiyo kwa siku kadhaa aliwafundisha wanafunzi wake siri ya zile hotuba mbili.

"Kwa nini yule wa pili alimshinda wa kwanza?" aliuliza.

Vibio, mtoto wa fundi viatu, alijibu, "Kwa sababu wa kwanza alisema sana, Mwalimu. Nilisinzia."

"Wewe husinzia hata ukila. Petilia?"

"Wa pili alionyesha kitu, Mwalimu. Viatu vitupu. Kisha aliuliza maswali ambayo majibu yake watu walikuwa nayo tayari. Kisha akasema 'sitasema', halafu akasema."

Macho ya Mwalimu Zosimo yaling'aa. "Umeona vizuri! Mtu ukimwambia jambo, atalipima. Ukimwacha aligundue mwenyewe, hatalipima tena. Atalibeba kama lake."

Petilia aliyaandika maneno hayo kwenye nta, akayasoma njia nzima hadi nyumbani. Tangu siku hiyo aliwahutubia watu wote waliokaa kimya kwa muda wa kutosha. Alihutubia nguo zilizoanikwa. Alimhutubia baba yake kuhusu ubaya wa kuosha vyombo, na baba akamwambia hotuba ni nzuri sana na vyombo viko pale.

Ndipo Konsuli alipotoweka.

Siku ya kwanza watu walifurahia kupita bila ushuru. Siku ya pili walianza kutazamana. Siku iliyofuata mama yake Petilia alimwaga makombo ya mkate chini ya ngazi, yakabaki palepale hadi shomoro wakayala. Petilia alimtafuta uani, kisimani, sokoni, hata kwenye mitaro. Usiku alilala akisikiliza ngazi, na ngazi zilikuwa kimya. Hakujua kwamba mtu anaweza kukihuzunikia kitu kinachomng'ata visigino.

Mchana mmoja Vibio alikuja mbio, ngumi yake imefumbwa. Aliifungua mbele ya Petilia. Ndani yake mlikuwa na manyoya meupe, laini, mengi.

"Umeyatoa wapi?"

"Uchochoroni. Karibu na mlango wa nyuma wa Mzee Trebio."

Kutoka kwenye duka la Trebio ilikuja harufu ya supu, na siku hiyo supu ilinukia vizuri kuliko siku zote.

"Amemla," alinong'ona Vibio.

Petilia alitaka kulia, na wakati huohuo, ndani yake kabisa, kitu kingine kilimsisimua. Alimwona yule mtumishi wa mfalme amesimama jukwaani. Alijua la kufanya.

"Tutamfanyia mazishi," alisema. "Mazishi ya heshima, kama konsuli. Wewe utahutubia kwanza, mimi wa pili."

"Kwa nini mimi kwanza?"

"Kwa sababu wewe ni mkubwa," alisema Petilia, naye aliijua sababu halisi.

Jioni, watu walipokuwa wakirudi kutoka bafu za umma, wasafi na wenye njaa, walikuta watoto wa jengo wamepanga mstari barabarani. Wawili mbele walipuliza mabua kama tarumbeta. Nyuma yao ulikuja ubao wa kukandia unga, umefunikwa kitambaa chekundu kutoka kwa dobi, na juu yake bakuli la maji la Konsuli na rundo la manyoya. Watu walicheka, wakafuata. Hakuna mtu wa Subura anayeweza kuyapita mazishi bila kujua ni ya nani.

Ubao ulitua mbele ya duka la dobi. Baba yake Petilia alikuwa amekwenda kupeleka nguo za mteja, kwa hiyo pipa kubwa la kufulia lilipinduliwa bila kuombewa ruhusa. Vibio alipanda juu yake.

"Watu wa mtaa," alisema, masikio yake yakiwa mekundu. "Konsuli hayupo. Alikuwa bata mzuri, ila mkali. Hatujui amepatwa na nini. Tumeona manyoya, lakini hatujui zaidi. Mimi alining'ata hapa na hapa. Basi."

Alishuka. Watu walipiga makofi kidogo, mmoja akapiga mwayo, wengine wakaanza kuondoka.

Petilia alipanda. Hakusema kitu. Alilichukua lile bakuli, akalinyanyua juu kwa mikono miwili, akaligeuza polepole mdomo chini. Hakikutoka kitu ila vumbi. Aliliacha vumbi lianguke mpaka chini. Waliokuwa wakiondoka wakasimama.

"Majirani zangu," alisema kwa sauti ndogo, wakamsogelea ili wasikie. "Mimi ni mtoto. Sikuja kumlaumu mtu. Nimekuja na bakuli hili tu. Mwezi uliopita wezi walipojaribu kupanda ngazi zetu, nani alituamsha?"

"Konsuli!" mtu alijibu.

"Yule mkusanya kodi ya nyumba alipokuja kumtukana mjane wa ghorofa ya juu, nani alimfukuza hadi barabara kuu, akaacha kiatu?"

"Konsuli!" walijibu wengi, wakicheka, na baadhi ya waliocheka walikuwa na machozi.

"Alitudai nini? Kipande cha mkate. Nani kati yenu amenyang'anywa zaidi ya kipande cha mkate?"

"Hakuna!"

Petilia alihisi umati umo mkononi mwake, kama unga uliokolea maji. Ilikuwa tamu mno. Alishika manyoya, akayainua.

"Kuhusu haya, mimi sitasema neno. Sitasema yameokotwa wapi. Sitasema ni mlango gani wa nyuma uliokuwa karibu. Sitawakumbusha nani, kila asubuhi, alitamka habari ya chungu na vitunguu. Wala sitauliza kwa nini supu ya leo inanukia hivyo."

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea duka la chakula. Mzee Trebio alikuwa amesimama nyuma ya kaunta yake, mwiko mkononi.

"Jamani," alisema, "mimi sikumla."

"Nani amekutaja?" alifoka baba yake Vibio, fundi viatu. "Mtoto hakumtaja mtu! Wewe umejuaje kama ni wewe?"

"Amejishtaki mwenyewe!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Aonyeshe ndani ya chungu!"

"Tumemla Konsuli! Ee miungu, mimi nimekula bakuli mbili!"

Mambo yalikwenda haraka. Mtu alirusha kabichi. Mwingine aliuvuta ubao wa mlango. Chungu cha divai kiling'olewa kwenye kaunta kikavunjika, supu ikamwagwa, na hapohapo fundi viatu akaokota jiwe akisema kaunta yote ivunjwe, huyu mtu atafute mtaa mwingine. Trebio hakukimbia wala hakupigana. Alikuwa mtumwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kaunta ile ilikuwa kitu cha kwanza duniani kuitwa chake. Aliikumbatia kwa mikono yote miwili, mashavu yake yakitetemeka.

Petilia aliyaona mashavu yale. Furaha yote ikamtoka mara moja.

"Basi!" alipiga kelele. "Basi, acheni! Sikusema amemla! Sijui kama amemla!"

"Sikieni mtoto anavyosema!" alijibu mtu kwa machozi. "Hata sasa anamwonea huruma! Moyo gani huo!" Na umati ukapiga makofi, ukasogea mbele zaidi. Petilia aliruka kutoka kwenye pipa akajaribu kupenya, lakini migongo ya watu wazima ni migumu. Alilia, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa akilia.

Hapo ndipo iliposikika sauti kutoka nyuma, kali, ndefu, ya kusimamisha mikokoteni.

"NANI AMESIMAMIA MAZISHI HAYA?"

Alikuwa Bi Tetia wa ghorofa ya pili. Kazi yake ilikuwa kuliza watu kwenye mazishi ya wenye pesa: alitangulia mbele ya jeneza akiimba sifa na kujipiga kifua, na alijisifu kwamba hakuna mwanamke Roma nzima anayelia kama yeye. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, nywele zimetimuliwa, majivu usoni. Fundi viatu alipomwona aliangusha jiwe kwa hofu.

"Nimeuliza nani. Nimesikia kelele kutoka barabara kuu. Hii ni aibu! Watu wanapigana, jeneza limeachwa peke yake, mbwa analamba bakuli la marehemu! Marehemu ni nani?"

"Konsuli," alisema Vibio.

"Yule bata? Maskini." Bi Tetia akautazama kwa makini ule ubao wa unga. "Na maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti, Bi Tetia," alisema Petilia kwa sauti ya chini.

"Hakuna maiti. Mnazika bakuli. Sawa, nimeona makubwa kuliko hayo. Mmemwita?"

Watu walianza kutazama viatu vyao. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kufiwa, na kila mmoja aliijua desturi: mtu akikata roho, wa kwake huinama wakamwita jina kwa sauti kubwa, tena na tena, wasije wakamchoma kwenye moto wa mazishi mtu aliyezimia tu. Ndilo jambo la kwanza kabisa. Kulia huja baadaye, hotuba huja baadaye kabisa.

"Hamkumwita!" Bi Tetia alishika kichwa. "Mmeandaa tarumbeta, mmeandaa kitambaa chekundu, mmeandaa hadi ghasia, na hamkumwita! Mazishi gani haya? Nyinyi ni watu au ni mbuzi? Petilia! Si nasikia wewe ndiye mwenye mdomo? Mwite."

Petilia aliinamia bakuli. "Konsuli," alisema.

"Hivyo ndivyo utakavyoniita mimi nikifa? Nitaendelea kulala! Kwa nguvu!"

"Konsuliii!"

"Wote!"

"KONSULIII!" uliita mtaa mzima, mpaka madirisha ya juu yakafunguka.

Walinyamaza, wakasikiliza. Ikasikika sauti ya maji yakitiririka kisimani. Kisha, kutoka mahali fulani nyuma ya jiko la Mzee Trebio, kukaja mlio mmoja wa hasira, mkali, wa kukwaruza, mlio ambao kila mpangaji aliujua kuliko sauti ya mama yake.

Wa kwanza kufika alikuwa Trebio mwenyewe. Nyuma ya jiko, ambapo ukuta hupata joto la moto, palikuwa na rundo la kuni za akiba ambalo hakuwa ameligusa kwa siku nyingi, limepangwa hadi kiunoni. Katikati ya rundo, ndani ya shimo alilojitengenezea, Konsuli alikuwa amekaa. Kifua chake kilikuwa na upara. Alikuwa amejinyonyoa manyoya yake laini kwa mdomo wake mwenyewe akayatandika chini, na mengine upepo ulikuwa umeyapeleka uchochoroni. Trebio alinyoosha mkono kumgusa, Konsuli akamng'ata kidole, na alipoinuka kidogo ili ang'ate vizuri, watu wote waliona.

"Mayai!" alipiga kelele Vibio. "Konsuli ana mayai!"

Bi Tetia alianza kucheka. Alicheka akaegemea ukuta, majivu yakatiririka mashavuni, na kicheko kilikwenda kutoka kwake hadi uchochoroni, hadi barabarani, hadi madirishani, ambako wale wasioona walicheka kwa sababu wengine wanacheka.

"Miaka yote hii tunamwita Mheshimiwa!"

"Na baba yao ni nani?"

"Konsuli husafiri, mwanangu. Usimhoji kiongozi kuhusu safari zake!"

"Na wewe, fundi viatu, uliyeokota jiwe?"

Fundi viatu alikuwa amepiga magoti akikusanya vipande vya chungu, na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mwanawe. Wengine nao wakaanza kujisogeza. Mmoja alisimamisha ule ubao wa mlango. Mwingine aliokota kabichi, akaipangusa, akairudisha juu ya kaunta kwa adabu nyingi.

Petilia hakucheka. Alijificha nyuma ya kuni, akitamani naye awe na shimo. Bi Tetia alimwona, akamvuta kwa mkono hadi barabarani, hadi penye pipa.

"Ulipanda hapa ukawawasha watu. Panda tena."

"Bi Tetia, siwezi. Nitasema nini?"

"Kilichotokea. Bila bakuli."

Petilia alipanda. Watu walimtazama, na safari hii hakuwa na kitu mkononi cha kuwaonyesha.

"Nilisema uongo," alisema. "Sikutamka uongo, lakini niliutengeneza ili nyinyi mtamke. Sikujua kama Mzee Trebio amemla Konsuli. Nilidhani tu, na sikwenda kuangalia, kwa sababu ningeangalia huenda nisingepata hotuba. Mzee Trebio hakukosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe, Mzee Trebio."

Haikuwa hotuba nzuri. Aliikosea pumzi, akajipangusa pua katikati yake, na watu wawili walikwishaondoka kwenda kula kabla hajaimaliza. Lakini Trebio aliisikiliza yote. Kisha alikohoa.

"Mimi nina tatizo moja," alisema. "Kuni zangu zote zilizobaki zimekaliwa na mama mwenye mayai. Nikivuta ukuni mmoja, ananitoa jicho. Nitapikia nini?"

"Nitaleta kuni!" alisema Petilia. "Kila siku, mpaka watoto watoke."

"Na mimi," alisema Vibio.

"Hata mimi," alisema fundi viatu, bila kumtazama mtu usoni. "Na chungu cha divai nitakinunua."

Kabla giza halijaingia, kila ghorofa ilikuwa imeshusha mzigo wake wa kuni. Moto uliwaka tena, supu mpya ilipandishwa jikoni, na ikajulikana kwamba ile harufu nzuri ya mchana ilikuwa mbegu za giligilani tu, zawadi kutoka kwa mteja. Watu walikula wamesimama barabarani, wakisimuliana mambo waliyoyaona wote kwa pamoja, kila mtu akimsahihisha mwenzake. Baba yake Petilia alirudi, akakuta pipa lake liko chini juu, na alipoelezwa akauliza kama kweli binti yake aliliza watu wazima. Petilia alimwona akijizuia kutabasamu, na jambo hilo lilimtia haya zaidi kuliko kugombezwa.

Alikuwa akiosha mabakuli ya wateja, bila kuambiwa, Bi Tetia alipokuja kukaa karibu naye na bakuli lake la supu.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nalipwa kuliza watu, na sioni haya. Nikilia vizuri, wafiwa hulia nao, moyo unakuwa mwepesi, wanarudi nyumbani wanakula. Machozi yangu hayajawahi kumvunjia mtu mlango. Wewe leo umechukua huzuni ya watu ukaigeuza jiwe, ukawapa mkononi."

"Sitahutubia tena, Bi Tetia."

"Upuuzi! Nani amekwambia unyamaze? Hicho ni kipaji, na mtaa huu una watu wengi wanaohitaji wa kuwasemea. Ila kabla hujawagusa watu mioyo, nenda kaangalie kwanza nyuma ya kuni. Na ukikosa hakika, simama mbele yao useme 'sijui', kama alivyosema Vibio."

"Vibio walimpigia mwayo."

"Ndiyo. Na ndiye peke yake leo ambaye hana deni la kuomba msamaha." Bi Tetia alimkabidhi bakuli lake aoshe, akaenda zake kulala, maana kesho yake alikuwa na tajiri wa kumlilia.

Wateja walipungua. Trebio alitoka nyuma ya kaunta, kidole chake kimefungwa kitambaa, akaketi kwenye benchi kando ya Petilia.

"Lile la bakuli," alisema, "la kuligeuza chini. Hata mimi nilitaka kulia. Nilikuwa nasikitika, halafu nikashtuka kumbe mimi ndiye niliyemla."

Petilia alicheka licha ya kuwa hakutaka, kisha machozi yakamjia, yale ya kweli.

"Mimi sina mke wala mtoto," aliendelea Trebio. "Ndugu zangu walibaki mbali, sijui hata kama wapo. Siku yangu ikifika, sidhani kama kuna mtu atakayepanda juu ya pipa kunisemea."

"Mimi nitapanda, Mzee Trebio."

"Kweli? Utasema nini?"

Petilia alifungua mdomo. Maneno mazuri yalikuja mbio, yamejipanga, yakiwa tayari: mikono iliyolisha mtaa, moto usiozimika, mwiko ulioachwa peke yake. Aliyatazama yote, akaona hakuna hata moja alilolijua kwa hakika. Alikuwa amepita mbele ya kaunta hii tangu alipoanza kutembea, na hakujua mzee huyu alizaliwa wapi.

Alifunga mdomo.

"Bado sijui," alisema. "Itabidi nikujue kwanza."

Mzee Trebio alinyanyuka, akachota bakuli la dengu za moto, akalimwagia mafuta ya zeituni, akaliweka mbele yake.

"Basi kula," alisema, akaketi tena. "Tuanze."